King Arthur ya 2009: ukitaka kuitawala Britania, jifunze kugawa

Nikimpa mtu gemu la kompyuta la King Arthur: The Role-Playing Wargame, najua kabisa atakachofanya. Ataona ramani ya Britania na majeshi juu yake, atakumbuka Total War, zile gemu maarufu za kuteka ramani kwa majeshi, na papo hapo ataanza kukimbilia majimbo ya jirani. Baada ya muda naletewa ujumbe WhatsApp: hazina imekauka, chakula hakitoshi, na yule shujaa wake anayemtegemea ameasi. Makala hii ni majibu ninayowapa watu wa namna hiyo, nimeyaweka sehemu moja.

Gemu lenyewe lilitoka mwaka 2009 na lilitengenezwa na NeocoreGames, studio ya Budapest kule Hungaria. Bado linauzwa Steam, duka la gemu la mtandaoni, na mara kwa mara hushushwa bei. Hadithi inaanza pale kijana Arthur, yule mfalme wa hadithi za kale za Uingereza, anapochomoa upanga kwenye jiwe, ila hawa jamaa wameongeza chao: upanga ulipotoka, uchawi wa kale uliokuwa umelala nao ukaamka, na misitu ikajaa viumbe ambao wazee walidhani wamekwisha. Kwa hiyo unapambana na wafalme wadogo wadogo, na wavamizi wa Kisaksoni, na vitu visivyo na jina zuri. Mchawi Merlin yupo pembeni anakushauri.

Sasa shika jambo hili moja. Wewe ndiye Arthur, lakini Arthur humwoni uwanjani. Hapandi farasi, hapigani, hana hata kikosi chake. Wanaopigana ni mashujaa wa Meza ya Mviringo, kila mmoja na jeshi lake, na kazi yako wewe mfalme ni kuwagawia: kiti, ardhi, mke, upanga wenye nguvu, askari, dhahabu ya kuwalipa na chakula cha kuwalisha. Ukigawa vizuri, vita vinakuwa vyepesi. Ukigawa ovyo, hakuna ujanja wa uwanjani utakaokuokoa. Ndiyo maana nasema wazoefu wa Total War hupata shida zaidi ya wageni kabisa, kwa sababu wamezoea majenerali wasiodai kitu.

Wanaotaka kujua kama hili ni la kubuni tu waitazame ile meza inayoning'inia ukutani kwenye ukumbi mkuu wa Winchester, kusini mwa Uingereza. Ni ya karne ya 13, yaani mamia ya miaka baada ya wakati ambao Arthur anadhaniwa kuishi, na rangi iliyopo sasa ilipakwa enzi za mfalme Henry VIII. Pembeni yake yameandikwa majina 24 ya mashujaa. Kinachoonekana pale ni mpango wa ukaaji: nani ana kiti. Watengenezaji wa gemu walilielewa hilo vizuri kuliko watengeneza filamu wengi.

Mchezo unakwenda kwa misimu minne ya mwaka wa Ulaya, na kila zamu ni msimu mmoja. Misimu mitatu unatembeza majeshi. Ikifika baridi kali, majeshi yanasimama. Wengi huiona zamu ya baridi kama usumbufu na kubofya haraka ili theluji iyeyuke. Mimi ndiyo zamu ninayokaa nayo muda mrefu kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo unakusanya kodi, unapandisha ngazi mashujaa na vikosi, na kupanga mambo ya ufalme.

Utaratibu wangu wa baridi ni huu. Kwanza sigusi askari wapya. Nafungua orodha ya mashujaa na kuangalia uaminifu wao, nikianza na yule ambaye sijampa chochote. Kila shujaa ana imani yake na tabia yake, na akiona mfalme anaelekea upande asioupenda, uaminifu unashuka pole pole hadi siku anayoondoka. Anayeyumba nampa jimbo. Jimbo si zawadi tupu: shujaa mwenye kipaji cha utawala anaifaidisha ardhi aliyopewa, kwa hiyo usimpe jimbo nono mbabe wa vita asiyejua kutawala eti kwa sababu anakupigania vizuri. Mbabe mpe upanga. Mtawala mpe ardhi. Kuna watu wamekwama nusu ya gemu kwa kukosa kuutenganisha mgawo huo.

Halafu kuna wake. Ndiyo, katika gemu hili unapata mabibi wa kuwaoza mashujaa wako, na kila bibi anakuja na sifa zake zinazombadilisha mume. Mdogo wangu alinikuta katikati ya shughuli hiyo, akavuta kiti akakaa.

"Kaka, huyu unamwoza kwa nani?"

"Kwa huyu hapa, anaanza kununa."

"Na mahari anapokea nani?"

Nikamwambia hapa mahari hakuna, mfalme anatoa mke na anatoa na shamba juu yake. Akacheka mpaka akainuka, ila kabla hajatoka akanionyesha kwamba yule bibi alikuwa na sifa itakayomfaa zaidi shujaa mwingine, mchawi, aliyekuwa chini ya orodha. Alikuwa sahihi. Soma sifa za bibi kabla ya kubofya, kwa sababu wapo wanaokuja na kasoro pamoja na uzuri, na ndoa ni jambo la kupanga mapema, hasa ukijua nani atakuja kuwa nguzo ya jeshi lako baadaye.

Mashujaa wako wa aina tatu, na skrini itawaita Champion, Warlord na Sage. Champion ni mpiganaji, anaingia katikati ya adui na kukata njia. Warlord anawafanya askari wanaomzunguka wawe bora. Sage ni mtu wa uchawi. Ushauri wangu ni mfupi: jeshi lako kuu liwe na angalau Warlord mmoja na Sage mmoja, na pointi za ngazi usizitawanye. Shujaa mwenye kidogo cha kila kitu hafai popote.

Tukija kwenye mchoro wa maadili, hapa nina msimamo mkali. Matendo yako yote yanapimwa kwa mistari miwili inayokatana: Ukristo upande mmoja na Imani ya Kale, yaani dini ya miungu ya kale, upande wa pili, utawala wa haki juu na udikteta chini. Kila unapokwenda mbali katika upande mmoja, unafunguliwa vitu: vikosi maalumu, uchawi, mashujaa wanaokubali kukutumikia. Upande wa Imani ya Kale ndio unaokukaribisha kwa Sidhe, watu wa ajabu wa hadithi za kale, na viumbe wengine wa hadithi. Ukikaa katikati ukijaribu kumridhisha kila mtu, hufunguliwi cha maana, na utafika sehemu ngumu ya gemu ukiwa na askari wa kawaida dhidi ya majitu. Kwa hiyo chagua pembe yako kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, kisha angalia mashujaa gani wanaendana nayo, na ardhi yako ianzie kwa hao. Mambo haya mawili yanashikana. Anayechagua Imani ya Kale huku amewajaza mezani Wakristo wenye msimamo, atatumia mali yote ya ufalme kuwabembeleza.

Kwa mara ya kwanza napendekeza mfalme Mkristo mwenye haki. Maamuzi yake ni rahisi kuyatabiri na hadithi inatiririka. Imani ya Kale yenye udikteta ina raha yake, ila iache kwa mzunguko wa pili. Wapo walioniambia wanasita kubofya upande wa miungu ya kale kwa sababu za dini yao, na siwacheki. Gemu linachezeka vizuri kabisa bila kugusa upande huo.

Kitu kinachowatisha Waswahili wenzangu wengi ni maandishi. Safari za mashujaa zinakuja kama hadithi za kusoma: unapewa aya kadhaa, kisha chaguo, kisha aya nyingine, na Kiingereza chake kina mikogo ya kizamani. Usizirushe. Hapo ndipo zinapotoka silaha za ajabu, mabibi, washirika, na mabadiliko makubwa ya maadili. Mambo matatu yatakusaidia. Moja, sevu kabla ya kuingia. Mbili, tazama ni nani unayemtuma, kwa sababu chaguo zinapimwa kwa vipaji vya huyo shujaa mmoja: mwenye kipaji cha safari au cha uchawi hupita mahali ambapo mbabe anaumbuka. Tatu, soma kwa sauti. Nina rafiki aliyekuwa hamalizi hata aya. Alipoanza kuzisoma kwa sauti kama anamsimulia mtu, hakuacha tena, na mke wake akawa anauliza jioni Merlin amefikia wapi. Maneno magumu tafuta kwenye simu, hayaishii kutumika mara moja, utakutana nayo tena na tena.

Mara nyingi pia safari inakupa nafasi ya kumaliza ugomvi bila vita. Ichukue. Jimbo lililoingia mkononi mwako kwa maneno halijakugharimu askari hata mmoja, na askari wazoefu ndio mali adimu kuliko dhahabu.

Vita vyenyewe vinapiganwa moja kwa moja uwanjani, na la kujua kabla ya yote ni kwamba huhitaji kuua kila mtu. Kwenye uwanja kuna maeneo ya ushindi. Anayeyashika mengi zaidi anamvunja mwenzake ari, na ari ikiisha, vita vimekwisha, hata kama aliyeshindwa bado ana askari wengi wamesimama. Kwa hiyo vita vikianza tu, wapanda farasi wangu hawaendi kwa adui. Wanakwenda kushika maeneo ya pembeni ambayo hayana mlinzi. Jeshi la miguu linapanda kilima kilicho karibu, wenye mikuki mbele, wapiga mishale nyuma yao. Adui anajikuta ari inamtoka, analazimika kuja, na anakuja akipanda mlima kifua wazi.

Wapiga mishale wa gemu hili ni wakali kupita kiasi. Kila aliyelicheza lilipotoka atakwambia hivyo. Kikosi kimoja cha miguu kikikatiza uwanda mbele yao, kinafika nusu. Ukiwa nao wewe, raha. Akiwa nao adui, pita msituni. Miti inazuia mishale kiasi kwamba kikosi kilichokuwa kinapukutika dakika iliyopita kinatoka upande wa pili kikiwa kizima, mita chache kutoka kwa watu walioshika pinde tu. Hapo hata askari wa mkuki wa daraja la chini wanatosha. Usiwatume wapanda farasi msituni, wanapoteza kasi ambayo ndiyo silaha yao.

Champion usimwache nyuma akilinda bendera. Mpeleke kwenye kundi la askari wa kawaida wa adui, si kwa shujaa wa adui, angalau mpaka apande ngazi.

Mambo ya kompyuta nayapitia haraka. Gemu ni la zamani, hivyo laptopi ya kawaida ya leo inalimudu, lakini kwangu limewahi kujifunga lenyewe katikati ya vita kubwa. Tumia sevu zaidi ya moja, uzipe majina yanayoeleweka, na isipite zamu ya baridi bila kusevu. Kama Windows yako inagoma, jaribu kushusha ubora wa vivuli kabla ya kuanza kulaumu mashine.

Lina kasoro, na ni haki uzijue kabla hujatoa pesa. Baada ya nusu ya ramani kuwa yako, vita vinaanza kufanana, na kamera ina ukaidi wake kwenye viwanja vyenye miinuko. Pia linapenda kukuangushia jeshi la adui mahali usipolitarajia kwa sababu hadithi imefika ukurasa fulani, na hapo mipango yako mizuri ya mpakani haina kazi. Dawa yake ni kutokutuma majeshi yote mbali kwa wakati mmoja. Shujaa mmoja abaki na jeshi lake karibu na nyumbani, na awe mwaminifu, kwa sababu huyo ndiye anayekaa na hazina.

Ukilimaliza, usiende moja kwa moja kwenye King Arthur II ya mwaka 2012 ukidhani ni lile lile lililong'arishwa. Picha ni nzuri zaidi, unamwongoza William Pendragon, lakini uhuru wa ramani umebanwa na ule mgawo niliouimba hapa hauna tena uzito uleule. Mimi ningeruka hadi King Arthur: Knight's Tale ya mwaka 2022, ya studio hiyohiyo. Ile si ya majeshi: unacheza kama Mordred, muuaji wa Arthur, na unapigana kwa zamu na kikosi cha mashujaa wachache kule Avalon, kisiwa cha hadithi za Arthur. Mchoro wa maadili wa Ukristo na Imani ya Kale, haki na udikteta, umerudi, na mashujaa bado wananuna usipowatendea wanavyotaka. Ila angalia kwanza kompyuta yako, maana ile inahitaji kadi ya picha ya maana.