Maswali na Majibu: Trekta Lilitoka Wapi?

Nani alitengeneza trekta la kwanza?

Mitambo ya mvuke ilikuwa ikikokota plau tangu karne ya 19, ila ilikuwa mizito mno na ilikula maji na kuni bila kushiba. Mwaka 1892 John Froelich wa Iowa, Marekani, aliunda mtambo wa petroli uliokwenda mbele na kurudi nyuma, na wengi humpa yeye heshima hiyo. Kuuza kwa wingi ni habari nyingine. Hilo liliwezekana mwanzoni mwa karne ya 20, Charles Hart na Charles Parr walipoanzisha kiwanda chao huko Charles City, Iowa.

Kwa nini Henry Ford hutajwa sana?

Kwa sababu ya bei. Fordson, trekta lake, ilianza kutoka kiwandani mwaka 1917, na kufikia 1922 ilishuka hadi dola 395. Washindani wengi walishindwa kufuata. Haikuwa na chasi, yaani fremu ya kubeba mitambo. Injini, giya na ekseli ya nyuma vilifungwa kwa bolti vikawa mwili mmoja. Lakini ilikuwa hatari: plau ikinasa kwenye mzizi, pua iliinuka na trekta likapinduka kinyumenyume juu ya dereva. Watu walikufa hivyo.

Ile mikono mitatu nyuma ya trekta ni kazi ya nani?

Harry Ferguson wa Ireland, na kwangu hakuna aliyelibadili trekta kumzidi. Angalia nyuma ya trekta: mikono miwili chini, mmoja juu katikati. Udongo ukiizuia plau, plau hutaka kubinuka, na mkono wa juu husukumwa kuelekea mbele. Msukumo huo huzuia pua isiinuke, na pia huiarifu haidroliki (mfumo wa kuinua kwa shinikizo la mafuta) iinue plau kidogo mzigo unapozidi. Uzito wa plau na udongo huangukia magurudumu ya nyuma, hayatelezi. Ndiyo maana trekta jepesi likaweza kazi ya trekta zito.

Mwaka 1938 yeye na Ford walikubaliana kwa kupeana mkono tu, na 1939 likatoka trekta la Ford 9N lenye mikono hiyo. Ford alipokwisha kumwachia mjukuu wake kampuni, makubaliano yalivunjika; Ferguson alishtaki, na 1952 akalipwa dola milioni 9.25. Wakati huo trekta lake mwenyewe, TE20, lilikuwa ikitengenezwa Coventry, Uingereza. Zilitoka zaidi ya 500,000.

Tairi za mpira zilianza lini?

Kampuni ya Marekani ya Allis-Chalmers walianza kuziuza kwenye matrekta yao mwaka 1932. Kabla yake yalikuwa magurudumu ya chuma yenye meno.

Nitajuaje kama nguvu inayotangazwa ni ya kweli?

Swali hili lilimsumbua Wilmot Crozier, mkulima na mbunge wa jimbo la Nebraska, Marekani, aliyeuziwa matrekta mabovu. Sheria ya 1919 iliagiza kila aina ya trekta ipimwe na chuo kikuu cha jimbo kabla ya kuuzwa humo, na vipimo vilianza 1920. Ripoti hutolewa hadi leo. Ukiipata ya trekta unalolitaka, tazama kwanza nguvu ya kukokota. Ya injini ije baadaye.