Jibu kwa dada anayetaka kumkumbuka mdogo wake
Pole sana dada. Nimekusoma, mdogo wako kaondoka na anoreksia, ule ugonjwa wa akili wa kujinyima kula kwa kuogopa kunenepa, mwezi ujao anatimiza mwaka, na ile laki nne unataka uchapishe tisheti zenye picha yake ya mwisho na kilo zake ili watu wajifunze. Kwenye tisheti nakukatalia, sisi tulimpoteza mtoto wa mama mdogo kwa ugonjwa huohuo na nilichokuja kugundua mwenye tatizo hili akiona mtu kakonda haogopi, anajilinganisha. Weka picha anacheka, kilo achana nazo kabisa.

Hela mlipie mgonjwa mmoja mwenye tatizo hili nauli na kliniki. Muhimbili ipo idara ya magonjwa ya akili, Dodoma ipo hospitali ya Mirembe, ulizia na mtu wa lishe. Na ukiweza kaa nae mezani, wewe na sahani yako, pigeni stori za tamthilia, usimhesabie matonge wala usimwambie "umenawiri", yeye anasikia "umenenepa" hapo anasukuma sahani, niliyaona kwetu.

Ila aliyekaa na njaa muda mrefu usimshindilie ugali siku moja jamani, madini ya fosfeti kwenye damu yanaweza kushuka ghafla yakamuua, aanze na daktari. Anayejitapisha naye madini ya potasiamu yanashuka, akizimia au moyo ukirukaruka mkimbize hospitali hapohapo.

Na wewe unalala? Kama kumhudumia mwingine kunakurudisha kwenye msiba, tafuta mshauri kwanza, hiyo laki nne itasubiri.