Nakala Kuukuu Baada ya Kuhuisha Hifadhidata

SWALI: Assalam alaykum, Mhariri. Mimi hutunza seva za hoteli moja hapa Malindi. Kila mwezi tunaifuta hifadhidata yetu ya majaribio, ambayo ni ya Oracle, na kuijenga upya kutoka kwenye hifadhidata ya kazi kwa amri ya DUPLICATE. Juzi diski ya gigabaiti 500 ilibakiwa na gigabaiti 9 tu, na nilipochungulia nikakuta nakala za akiba za tangu kabla ya Ramadhani. Nimeendesha DELETE OBSOLETE, amri ya kufuta nakala zisizohitajika tena, mara tatu, na kila mara RMAN, yaani programu ya Oracle ya kusimamia nakala za akiba, hujibu kwamba hakuna cha kufutwa. Je, nizifute kwa mkono?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yetu. Jibu la RMAN ni sahihi. Orodha ya nakala za akiba huandikwa ndani ya faili la udhibiti la hifadhidata yenyewe, na DUPLICATE huunda faili jipya la udhibiti na kutoa nambari mpya ya utambulisho, yaani DBID. Kwa hiyo nakala hizo ni za hifadhidata ambayo haipo tena, ingawa jina ni lile lile, na hii ya sasa haina habari nazo. Ukijaribu kuziandikisha kwa CATALOG START WITH, zitakataliwa kwa ujumbe wa RMAN-07518, ambao hutaja DBID ya mwenye faili.

Iandike nambari hiyo, kisha uilinganishe na DBID ya hifadhidata ya kazi, kwa sababu nakala za hifadhidata ya kazi zikiwa zimewekwa kwenye diski hiyo hiyo, nazo zitakataliwa vivyo hivyo, na ole wako ukizifuta kwa kudhani ni takataka. Hatari ni kubwa zaidi kwa wale wanaohuisha kwa kurejesha faili la udhibiti la hifadhidata ya kazi badala ya kutumia DUPLICATE: hapo DBID hubaki ile ile, orodha ya nakala huja nzima nzima, na DELETE OBSOLETE iliyoendeshwa upande wa majaribio yaweza kufuta nakala halisi za hoteli ikiwa seva zote mbili zinaifikia hifadhi moja.

Ukishajiridhisha, chukua kwanza nakala kamili ya hifadhidata mpya, uikague kwa RESTORE DATABASE VALIDATE, ndipo uyafute kwa mkono yale mafaili ya kale. Yale ambayo RMAN inayajua yafutwe na RMAN yenyewe. Na kama uliwahi kuyaondoa kwa mkono, endesha CROSSCHECK BACKUP ili RMAN ikague yaliyopo, kisha DELETE EXPIRED BACKUP ili iyaondoe orodhani yaliyokosekana, la sivyo eneo la urejeshaji, yaani nafasi ya diski ambayo Oracle huitengea nakala za akiba, litaendelea kuhesabiwa kuwa limejaa.

Nakusihi usilichukulie hili kuwa ni suala la nafasi tu. Iwapo majina na nambari za pasipoti za wageni hazikufichwa wakati wa kuhuisha, basi zimo ndani ya nakala hizo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 hairuhusu data za watu kuwekwa kupita muda unaohitajika.

Mwezi ujao, kabla ya DUPLICATE, hifadhi matokeo ya LIST BACKUP na LIST COPY pamoja na DBID katika faili la maandishi nje ya seva hiyo, nawe utakuwa na orodha kamili ya vitu vya kufuta baadaye, ikiwemo mafaili ya redo (kumbukumbu za mabadiliko ya hifadhidata) yaliyowekwa akiba, ambayo mara nyingi husahauliwa.