Suruali ya dola 80

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: mwanamichezo maarufu akikamatwa kwa utata, kisha mashtaka yakafutwa, kuna sababu gani ya kuendelea kuliamini neno la polisi? Majibu mengi yatakuwa ya ushabiki, wengine upande wa mchezaji, wengine upande wa sare. Mimi nitalisogeza swali kidogo, mniwie radhi. Neno la polisi halifiki mahakamani likiwa mdomoni mwa askari. Linatangulia likiwa karatasi: maelezo yaliyoandikwa saa moja au mbili baada ya purukushani, na aliyeyaandika bado moyo unamwenda mbio. Kwa hiyo najibu kuhusu karatasi. Msimamo wangu nautoa mapema: askari aliyepewa kamera ya kifuani asiiwashe, maelezo yake yasizidi uzito wa maelezo ya mpita njia.

Kisa cha mchezaji gofu Scottie Scheffler mnakijua, ila naona wengi wamebaki na ile picha ya nguo za rangi ya chungwa za jela basi. Turudi nyuma kidogo. Ijumaa, 17 Mei 2024, siku ya raundi ya pili ya mashindano ya gofu ya PGA Championship, uwanja wa Valhalla, Louisville, Kentucky, Marekani. Mvua inanyesha na giza halijaondoka. Mnamo saa 11 alfajiri mzee wa miaka 69 aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashindano anavuka Shelbyville Road, anagongwa na basi la kusafirisha watu wa mashindano, anafariki palepale. Barabara inafungwa, foleni inarefuka, askari wanaongoza magari kwa mikono na tochi. Kama saa 12 Scheffler, namba moja duniani, anafika na gari la wachezaji, anaipita foleni kuelekea langoni. Mpelelezi Gillis, aliyevaa koti la mvua la njano, anamsimamisha.

Kuanzia hapo hadithi zinakuwa mbili. Karatasi ya polisi inasema dereva alikataa amri, akaongeza mwendo, gari likamburuta mpelelezi hadi chini, akapata maumivu, uvimbe na michubuko kwenye kifundo cha mkono wa kushoto na goti. Inaongeza kwamba suruali yake yenye thamani ya dola 80 iliharibika isitengenezeke tena. Scheffler alisema palikuwa na vurugu, hakuelewa anaambiwa nini, na kwamba yote yalikuwa kutoelewana tu. Alifungwa pingu, akapelekwa jela ya kaunti, akapigwa picha, akaachiwa bila kuweka fedha ya dhamana. Saa 4 na dakika 8 asubuhi alikuwa kwenye shimo la kuanzia, na siku hiyo akamaliza kwa mipigo 66. Ndiyo maana watu waliichukua kama kichekesho.

Haikuwa kichekesho kwenye hati ya mashtaka. Mashtaka yalikuwa manne. Matatu ni ya kawaida: uharibifu wa mali wa daraja la tatu, yaani ile suruali, uendeshaji wa hatari, na kupuuza ishara za askari anayeongoza magari. La nne ni shambulio la daraja la pili dhidi ya afisa wa polisi, na hili kwa sheria ya Kentucky ni kosa kubwa lenye kifungo cha miaka 5 hadi 10. Ili mtu ashtakiwe nalo, lazima awe amesababisha jeraha kubwa kwa makusudi, au jeraha la kawaida lakini kwa kutumia silaha au chombo cha hatari. Michubuko ya goti si jeraha kubwa. Inabaki njia ya pili: gari liwe ndicho chombo cha hatari.

Sasa rudini kwenye ile karatasi mtafute ni neno gani linaligeuza gari kuwa silaha. Ni kitenzi kimoja tu, kumburuta. Kama mpelelezi alishika gari likiwa linasogea, akakimbia nalo hatua chache, akateleza kwenye lami yenye maji, goti na suruali vitaharibika vilevile na michubuko itakuwa ileile, lakini hakuna shambulio. Ni kosa la barabarani. Miaka 10 ya mtu imening'inia kwenye kitenzi kilichochaguliwa na mtu mmoja aliyelowa, aliyeumia, ambaye saa moja kabla kuna maiti imelala barabarani hiyohiyo. Simwiti mwongo. Mtu aliyeanguka kando ya gari linalokwenda ataapa kwa dhati kwamba gari ndilo lililomwangusha.

Hapo ndipo kamera ingesaidia, na hapo ndipo hasira zangu zilipo. Kamera hizi hazirekodi muda wote. Kwa kawaida ikishawashwa inakaa katika hali ya kusubiri: inaona, inahifadhi sekunde chache zilizopita, mara nyingi 30 na bila sauti, kisha inazifuta na kuhifadhi nyingine. Askari akibonyeza kitufe mara mbili, zile sekunde 30 zinaunganishwa mbele ya rekodi mpya. Maana yake, hata anayesahau kubonyeza gari linapokaribia, akibonyeza baada ya kuinuka kutoka chini, anguko lake lote limo ndani. Sauti haimo, picha imo. Utaratibu huo uliwekwa makusudi kwa ajili ya mtu ambaye mambo yamemzidi kasi. Kinachouharibu ni vitu vidogo: kamera imezimwa kabisa ili betri ifike mwisho wa zamu, kwa hiyo hakuna cha kuunganishwa, au imebaki kwenye shati ndani huku koti la mvua limevaliwa juu yake, inarekodi kitambaa, au askari anadhani kuongoza magari si tukio la kurekodiwa. Gari la doria linaweza kuwekewa kifaa kinachoziamsha kamera za karibu pale taa za king'ora zinapowashwa, lakini askari anayesimama njia panda kwa miguu hana taa ya kuamsha chochote.

Mkuu wa polisi wa Louisville wakati huo, Jacquelyn Gwinn-Villaroel, alikiri tarehe 23 Mei kwamba Gillis alikiuka utaratibu kwa kutowasha kamera, na kwamba alishachukuliwa hatua za kurekebishwa. Siku hiyo zikatolewa picha mbili za video: ya kamera ya nguzoni ng'ambo ya barabara, na ya kamera ya dashibodi ya gari la polisi. Hakuna kati yake iliyoonyesha mguso wa kwanza. Kinachoonekana ni askari kukimbia kando ya gari, gari kusimama, dereva kutolewa na kufungwa pingu. Kile kitenzi hakikuthibitishwa wala kukanushwa. Tarehe 29 mwendesha mashtaka wa kaunti, Mike O'Connell, akasimama mbele ya hakimu na kusema ushahidi kwa ujumla wake hauwezi kuibeba kesi. Mashtaka yote manne yakafutwa kwa namna ambayo hayawezi kufunguliwa tena.

Mtu akiniuliza kwa nini Louisville yenyewe isipewe nafasi ya kukosea kidogo, namkumbusha karatasi nyingine ya mji huohuo. Machi 2020 Breonna Taylor aliuawa kwa risasi za polisi ndani ya nyumba yake. Ripoti ya tukio ilipotolewa hadharani miezi mitatu baadaye, kurasa zake zilikuwa karibu tupu. Penye majeraha paliandikwa hakuna. Penye kuingia kwa nguvu paliwekwa alama ya hapana, ilhali mlango ulivunjwa kwa chuma. Halmashauri ya mji ikapitisha sheria yenye jina lake Juni mwaka huohuo: kamera ziwashwe dakika 5 kabla ya upekuzi wa hati ya mahakama na ziendelee dakika 5 baada yake. Sheria nzuri, ila ni sheria ya milangoni. Njia panda haiguswi nayo, njia panda inategemea utaratibu wa ndani wa idara na kumbukumbu ya askari.

Nilitaka kuishia hapo, nikiwa nimekunja ngumi. Nimerudia kusoma nilichoandika nikaona nimejidanganya mahali pamoja. Tuseme Gillis alibonyeza. Kamera ya kifuani kutoka hatua moja ya gari, gizani, mvuani, ingeonyesha nini? Kioo kinachong'aa taa, mkono, halafu anga, halafu lami. Kamera ya kifua haimwoni mwenye kifua. Kama ni gari lililomvuta au ni yeye aliyeling'ang'ania, picha hiyo ingekuwa ya mwisho kutuambia. Ile ya nguzoni, kwa mbali kwake kote, ndiyo inayoona mwili mzima. Sauti ingesaidia zaidi: alisema nini, mara ngapi, alijitaja kuwa polisi au la. Nayo sauti ndiyo isiyokuwemo katika zile sekunde 30.

Na kamera ikiwaka bado si mwisho. Milwaukee, Januari 2018, mchezaji wa kikapu Sterling Brown alipigwa shoti ya umeme na polisi kwa ugomvi ulioanzia kwenye kuegesha gari vibaya. Kamera zilikuwa zinarekodi. Umma ulioneshwa Mei, karibu miezi minne baadaye. London, Julai 2020, mkimbiaji Bianca Williams na mwenzake Ricardo dos Santos walisimamishwa na kufungwa pingu, mtoto wao wa miezi mitatu yumo garini. Picha zilikuwepo, za simu na za polisi. Maofisa wawili walifukuzwa kazi Oktoba 2023 kwa kusema uongo kuhusu harufu ya bangi, na Oktoba 2024 baraza la rufaa likawarudisha. Picha zilezile, hukumu mbili. Thabo Sefolosha, mchezaji wa kikapu aliyevunjwa mguu akikamatwa na polisi New York Aprili 2015 kisha akashtakiwa yeye, alikataa makubaliano ya kuimaliza kesi kimyakimya, akaenda mbele ya baraza la wazee wa mahakama na kushinda Oktoba. Watu wachache wana fedha na ukaidi wa namna hiyo.

Ukiziweka hizo karibu na Louisville, hesabu inanigeukia. Siku 6 hadi kukiri kosa la kamera na kutoa picha. Siku 12 hadi kufuta. Idara haikusubiri kushtakiwa ndipo iseme askari wake alikosea. Sikutegemea kuandika hivi nilipoanza, lakini kama kuna sababu ya kuamini, ipo katika kasi ya idara kuipinga karatasi yake yenyewe, kuliko katika karatasi kuwa sahihi tangu mwanzo.

Tahadhari ni nyingi, na ya kwanza ni jina la aliyekamatwa. Mwandishi wa ESPN, kituo cha televisheni cha michezo, alikuwa pale na simu mkononi, askari mmoja akimwambia hakuna anachoweza kufanya kumsaidia. Scheffler mwenyewe alisema askari aliyempeleka jela alimsemesha vizuri njiani mpaka akatulia. Fundi wa majani wa uwanja huohuo akikamatwa saa ileile kwa kitenzi kilekile, sijui ni siku ngapi zingehesabiwa. Tahadhari ya pili: kukiri kwa idara kulikuwa kuhusu kitufe, hakukuwa kuhusu maneno ya ripoti. Kamera ina daftari lake la ndani linaloandika kwa sekunde lini iliwashwa, lini ilizimwa, lini kitufe kilibonyezwa, betri ilikuwa na kiasi gani. Daftari hilo lingetolewa pamoja na picha kila mara, hata pale pasipo na picha, tungejua usahaulifu ni upi na uzimaji wa makusudi ni upi. Na kwenye fomu ya ripoti, jeraha liwe sehemu yake na namna lilivyopatikana iwe sehemu yake, kila moja na jina la aliyeona. Daktari anaweza kuthibitisha goti. Kuburutwa hawezi.

Hivyo, Mhariri, ule mzani wangu wa mwanzo wa mpita njia nauondoa, nusu. Baada ya kesi kufutwa Gillis alitoa tamko kwamba gari lilimburuta kweli, alianguka na aliumia, na kwamba ndiyo, idara inawavisha suruali za dola 80 na yake iliharibika. Kisha akamtakia Scheffler heri. Scheffler naye alisema hana kinyongo. Goti namwamini, na suruali pia. Kitenzi simwamini, na nadhani hata yeye angekuwa mtazamaji ng'ambo ya barabara, chini ya ile nguzo, asingekiandika.