Mkanda mweupe pee, lakini herufi za pembeni zipo

SWALI: Shikamoo mzee wetu wa safu ya picha. Nilijinyima nikanunua filamu ya Ilford HP5 Plus, nikapiga picha zote 36 bandarini na huku kwetu Ngamiani, nikasafisha mwenyewe nyumbani. Mkanda umetoka mweupe pee, picha hata moja hakuna! Ila pembeni kwenye vitundu yanasomeka maandishi ILFORD HP5 PLUS na namba, meusi kabisa. Fundi mmoja mjini kaniambia nimeuziwa filamu mbovu. Ni kweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, najua uchungu wa kufungua tangi la kusafishia filamu ukakuta nailoni tupu. Filamu yako nzima, dawa yako nayo nzima. Zile herufi kamera yako haikuzigusa, zimepigwa kwa mwanga kulekule kiwandani kabla mkanda haujaingia kwenye kopo lake, zinakaa humo hazionekani mpaka developa, ile dawa ya kutoa picha, izifikie, sasa zikitoka nyeusi za kusomeka maana yake developa imefanya kazi na filamu imeitikia, kilichokosekana ni mwanga wa kupita kwenye lenzi.

Mi naona mkanda haukusogea. Ule ulimi wa mbele wa filamu ulichomoka pale unapochomekwa ndani ya kamera, wewe ukawa unavuta mkono wa kamera, namba juu zinahesabu mpaka 36, ndani filamu imekaa palepale. Siku nyingine ukishafunga mgongo zungusha taratibu kile kishikio cha kurudishia mkanda mpaka usikie umekaza, halafu vuta mkono: kishikio lazima kizunguke chenyewe. Kisipozunguka, fungua uuweke upya, utapoteza kipande kidogo tu cha mwanzo. Na kama una uhakika siku ile kilikuwa kinazunguka, basi kagua shata, kile kipazia cha kupitisha mwanga ukibofya, fungua mgongo kamera ikiwa tupu, elekeza dirishani, bofya uone kama mwanga unapita.

Hizo herufi za pembeni zizoee kabla hujamlaumu mtu. Herufi zikitoka kijivu hafifu, developa imechoka au umeitoa mapema. Zisipotoka kabisa, developa imekufa, au umetanguliza fiksa, ile dawa ya kukazia picha inayokuja baada ya developa (hiyo inawapata wengi, andikeni chupa zenu jamani). Zikivimba na kutapakaa kama wino kwenye karatasi mbichi, umezidisha muda au joto, na kwetu Tanga joto ndo adui, karatasi ya dawa inakwambia nyuzi 20 wakati maji ya bomba hayafiki huko hata alfajiri, kwa hiyo weka tangi kwenye beseni lenye maji na mfuko wa barafu, upime kwa kipimajoto sio kwa kidole. Ila ukikuta mkanda wote, mpaka katikati ya vitundu, umekuwa kijivu kichafu na herufi zinajificha humo, hapo ndo uulize filamu ilikaa wapi kabla ya kukufikia, maana uzee na joto la duka ndo vinafanya hivyo.

SWALI: Babu kaacha negativu kwenye bati la biskuti, pembeni zimeandikwa SAFETY FILM, zinanuka siki. Nizitupe? – Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Usitupe hata moja! SAFETY maana yake sio ile filamu ya zamani ya naitreti iliyokuwa inashika moto kirahisi, Kodak waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hii yako ni ya plastiki ya asetati, na harufu ya siki ni asetati inaanza kuoza, unyevu wa pwani na bati lililofungwa ndo vinaichochea. Zitoe leo, zinazonuka zitenge na nzima, kila kipande kwenye bahasha ya karatasi, sehemu kavu yenye hewa. Halafu zipige picha au uziskani mapema, zikishajikunja na kupasuka hazirudi.