Uzio wa umeme kwa kuku: chunguza ethi kabla ya kuilaumu mashine

Umeuliza kwa nini mnyama bado anapita kwenye uzio wako wa nyaya mbili na kunyakua kuku, ilhali mashine inasikika ikipiga usiku kucha, na kama dawa yake ni kununua mashine kubwa zaidi. Nimefuga kuku nyuma ya nyumba kwa miaka tisa, sita kati ya hiyo nikiwa na uzio wa umeme, na kosa hilo la kukimbilia mashine kubwa nililifanya mwenyewe. Kabla hujatoa fedha, chunguza ethi, yaani nondo ya chuma iliyopigiliwa ardhini na kuunganishwa na mashine ili umeme upate njia ya kuirudia.

Mashine ya uzio hutoa pigo moja la umeme kila baada ya sekunde moja hivi, na pigo hilo hudumu kwa muda usiofikia hata sehemu ya elfu ya sekunde. Ndiyo maana volti elfu kadhaa humshtua mnyama bila kumuua. Likishaingia mwilini mwake, lazima lishuke ardhini kupitia miguu na kuirudia mashine kupitia nondo ya ethi. Udongo ukikauka sana, umeme hupita kwa shida. Mimi nilikuwa nimepigilia kipande kimoja cha nondo cha nusu mita, tena chini ya paa la banda ambako mvua haifiki, na kiangazi kilipokolea nguchiro aliugusa waya kwa pua na kupita zake kana kwamba ni kamba ya kuanikia nguo. Nilinunua mashine yenye nguvu maradufu, na hakuna kilichobadilika. Nilipona nilipoweka nondo tatu zilizopakwa zinki, kila moja ikizama zaidi ya mita moja na zikiachana mita tatu, mahali penye unyevu na mbali na ethi ya umeme wa nyumba.

Ethi hupimwa, haikisiwi. Egemeza vyuma kadhaa kwenye waya, mbali na mashine, ncha zake zikiwa zimeingia ardhini, hadi volti za uzio zishuke chini ya 2,000; kisha pima kwenye nondo ya ethi yenyewe. Ukisoma zaidi ya volti 300 hapo, ethi yako haitoshi. Katika siku za kawaida napenda kuona angalau volti 4,000 mwisho wa uzio, na zikipungua huwa ni majani yaliyougusa waya au kihami (kile kishikizo kinachozuia umeme wa waya usiingie kwenye nguzo) kilichopasuka.

Baada ya nguchiro kukoma, alikuja kanu, mnyama mdogo mwenye madoa na mkia mrefu, naye alinifundisha jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Alirukia nguzo ya mti ya kona, akaikwea hadi juu bila kukanyaga ardhi, na umeme haukuwa na njia ya kupitia mwilini mwake, kama ndege anayetua kwenye waya wa umeme. Kwa mnyama mkwezi, unganisha waya wa kuku (ule wavu wa waya wa kuzungushia banda) na ethi, kisha pitisha waya wenye umeme juu, kwa nje, ukiachana nao kwa sentimita kumi hivi. Atakaposhika waya wa kuku na kugusa ule wa juu, yeye mwenyewe ndiye atakayekamilisha mzunguko. Waya wa chini nauweka sentimita 15 kutoka ardhini, kimo cha pua, kwa sababu manyoya ya mgongoni huzuia mshtuko.

Kuku nao hukingwa na manyoya yao, hivyo hujifunza kwa undu au kwa miguu, mara moja au mbili tu. Wavu wa nyuzi za umeme sikuupenda: vifaranga na vyura walinaswa humo na kuendelea kupigwa hadi wakafa. Kwa mwewe uzio hausaidii lolote. Huyo anahitaji wavu wa juu.

Kamwe usiunganishe waya moja kwa moja na umeme wa nyumba, maana huo unaua mtu, wala usitie umeme kwenye seng'enge, kwa kuwa anayenaswa na miiba yake hawezi kujinasua kati ya pigo na pigo.

Pima kwanza mwisho wa uzio na kwenye nondo, kisha nipe namba zote mbili na unieleze nondo yako imezama kiasi gani.