Fomu ya 38 na Jina la Dada Yetu

Baba yetu alipofariki bila kuacha wosia, tulidhani kilichobaki ni kugawana shamba la Njoro kama alivyokuwa akituagiza. Ndugu zangu walinituma kortini Nakuru, nami nikarudi na bahasha ya fomu nisizozielewa.

Fomu ya 80 ndiyo ombi lenyewe la kupewa usimamizi wa mirathi, yaani mamlaka ya kushughulikia mali ya marehemu. Huandamana na Fomu ya 5, hati ya kiapo inayotaja warithi wote, mali na madeni ya marehemu, pamoja na cheti cha kifo, barua ya chifu na matokeo ya upekuzi wa shamba kutoka ofisi ya ardhi. Fomu za wadhamini, yaani ya 57 na ya 11, hazikutusumbua.

Iliyotuumiza ni Fomu ya 38, ambayo wenye haki sawa na mwombaji hutia saini kukubali kwamba yeye ndiye apewe usimamizi. Dada yetu mkubwa ameolewa Bungoma. Kaka alisema binti aliyeolewa hahesabiwi, nami nikanyamaza, hata barua ya chifu ikaandikwa bila jina lake. Lakini Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, haimbagui mtoto wa kike, awe ameolewa au la. Ombi lilipotangazwa katika Gazeti Rasmi, ambapo anayepinga hupewa siku 30, dada alipata habari, akapinga, na haki ilikuwa yake. "Kwani mimi nilizaliwa na nani?" aliniuliza kwenye simu, nikakosa jibu. Tulianza upya, na siku aliyokuja kutia saini aliisoma fomu mstari kwa mstari, akalitafuta jina lake kwa kidole kabla ya kuomba kalamu.

Kwa hiyo nakusihi: kabla hujafika kwa chifu, waketishe warithi wote pamoja, wakiwemo wajane wote na watoto waliozaliwa nje ya ndoa, muandike majina mbele ya kila mtu. Yalinganisheni pia na vitambulisho na hati ya shamba; hati ya baba ilikosa jina lake la tatu, ikabidi tule kiapo kingine kuthibitisha kwamba ni mtu yule yule. Wala asiuze mtu hata kipande wakati huo, kwa maana kifungu cha 45 cha sheria hiyo kinaruhusu faini ya hadi shilingi 10,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili, kwa anayeingilia mali ya marehemu bila idhini.

Hata hati ya usimamizi ikitoka, bado si ruhusa ya kugawa shamba. Kwa kawaida husubiriwa miezi 6, kisha msimamizi hupeleka Fomu ya 108 kuomba ithibitishwe, pamoja na Fomu ya 37, ambapo warithi hukubali jinsi mali itakavyogawanywa. Sisi tuliijaza ya 37 nyumbani kwa dada, Bungoma, na safari hii yeye ndiye aliyetia saini kwanza. Cheti cha uthibitisho ndicho tulichokipeleka ofisi ya ardhi, na sehemu ya dada imeandikwa humo sawa na zetu.